Nguruwe Mwitu wa Rotua

Kambi ya michikichi, Bagan Batu
8 Julai 1984

Dada Tiolina,

Salamu kutoka kwenye joto. Huku tuko salama, isipokuwa mwanangu Bonar ana majipu kichwani, na kikohozi cha Baba Rotua bado kinamsumbua. Natumaini baridi ya milimani haijamrudishia shemeji Jonggi maumivu ya mgongo. Mwambie namtakia ubani mwingi msimu huu, mweupe, usio na takataka.

Anayekupa barua hii ndiye Rotua mwenyewe. Usipomtambua usijilaumu, mara ya mwisho ulimwona akiwa mgongoni kwangu. Sasa ana miaka kumi na mmoja. Kama tulivyokubaliana, anakuja kukaa kwenu asome, maana shule ya kambini inaishia darasa la nne. Nguo zake ni chache, nimezifua zote. Kazi haogopi. Anaogopa radi. Ikipiga, msogelee, lakini usimwambie kwamba unajua.

Kuhusu kilichomo kikapuni mwake, nisamehe. Baba Rotua kazi yake siku hizi ni kulinda michikichi michanga, kwa sababu nguruwe mwitu wanaifukua ili wale moyo wake. Mwezi wa tano alipiga jike moja, akakuta kwenye kiota cha majani watoto wanne. Watatu walikufa. Huyu mmoja Rotua alimnywesha maziwa ya kopo kwa kitambaa, akampa jina Milia. Nilimkataza asije naye. Alilia siku mbili, kisha akaacha kulia na akaacha kula pia. Nimechoka kushindana naye. Wewe unawajua nguruwe kuliko mtu yeyote kwetu. Akikua, utajua la kufanya. Mimi sitaki kuwa ndiye niliyemnyang'anya.

Mdogo wako,
Lamria


Lumban Silom
19 Agosti 1984

Mdogo wangu Lamria,

Salamu zako zimefika pamoja na aliyezibeba. Mgongo wa Jonggi ni uleule, ila miti ya ubani bado anaipanda. Mama mkwe yu hai na ulimi wake u hai nao. Siku ya kwanza aliniuliza, "Huyu mtoto umepewa au umeazimwa?" Nikamjibu amekuja kusoma. "Basi asome haraka," akasema, akaendelea kutafuna tambuu yake.

Rotua alitapika kona zote za Parapat, lakini kikapu hakukiachia. Ameanza darasa la tano. Mwalimu anasema hesabu anajua, kusoma kwa sauti anaona haya. Nimempa kitanda kilicho karibu na jiko kwa sababu ya baridi.

Sasa mnyama wako. Jike langu jeusi lilikuwa na watoto sita wa umri uleule, nikamweka katikati yao ili nione vizuri. Wangu ni wanene upande wa nyuma, masikio yamewalalia machoni, mikia imejikunja. Yeye ana milia ya kahawia na manjano kutoka shingoni hadi kiunoni, masikio madogo yaliyosimama, na mkia ulionyooka wenye kishungi cha nywele. Pua yake ni ndefu na imenyooka kama mpini. Wangu uzito wao uko mapajani, wa kwake uko mabegani. Ukimtazama utadhani aliyemchonga alianzia mbele, mti ukamwishia.

Nilimpaka maziwa ya jike na uchafu wa banda, nikamsogeza kwenye chuchu. Jike lilimnusa, likakoroma, likamwacha anyonye. Rotua alipiga makofi. Watu wa nyumba tano wamekuja kumtazama, na kila mmoja amesema anafanana na nani katika ukoo wa mwenzake.

Usiwe na wasiwasi. Mtoto anakula.

Dada yako,
Tiolina


Kambi ya michikichi
30 Septemba 1984

Dada Tiolina,

Majipu ya Bonar yamepona. Saut naye ameng'oka meno mawili ya mbele, anapiga miluzi anapoongea. Mtoto mdogo bado analala mahali pa Rotua na hataki kuhamishwa. Msalimu shemeji, na mama mkwe wako mwambie nimecheka.

Umeniandikia ukurasa mzima juu ya nguruwe na mistari mitatu juu ya mwanangu. Sikulaumu, ni furaha yako. Lakini ningependa kujua kama bado anaota akiongea, kama amepata rafiki, kama anauliza habari zetu. Mwambie aniandikie yeye mwenyewe, hata nusu ukurasa. Na Krismasi mpandishe basi aje. Wadogo zake wanahesabu siku ukutani kwa mkaa.

Baba Rotua anasema milia itafutika baada ya miezi mitano. Usije ukafikiri anaumwa.

Lamria


Lumban Silom
18 Novemba 1984

Mdogo wangu Lamria,

Mvua haijakatika tangu mwezi wa kumi. Kahawa inakauka kwa shida, nimeitandaza mpaka chumbani. Jonggi anasalimu. Kwaya ya akina mama imepata sare mpya, rangi ya zambarau.

Milia imefutika kweli. Sasa ana rangi ya majani makavu, na nywele ngumu zimesimama mgongoni kama brashi ya kusugulia sakafu. Ndugu zake wa kunyonya wamefika kiunoni mwa Rotua na wananesa nyama. Yeye amebaki nusu yao, mkavu, mwepesi. Wao wakishiba wanalala. Yeye akishiba anakwenda kunusa ukingo wa banda, ubao kwa ubao. Nimefuga tangu nikiwa msichana, sijapata kumwona nguruwe ambaye chakula hakimnenepeshi. Rotua akimwita, lakini, anakuja mbio na kulala chali kama mbwa.

Kuhusu Krismasi, barabara imekatika karibu na Aek Latong, na watu wanasema haitafunguka upesi. Nimeona asisafiri. Pia amepewa aya ya kusema mbele ya kanisa, itakuwa vibaya kumtoa sasa. Utanielewa.

Nimefunga humu ukurasa aliouandika mwenyewe. Sikumsahihisha.

Tiolina


Kambi ya michikichi
13 Januari 1985

Dada Tiolina,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa shemeji. Huku tulichinja bata. Mdogo alishikwa na homa siku ya pili, sasa anacheza.

Nimechelewa kujibu kwa sababu niliandika barua tatu nikazichoma.

Ukurasa wa Rotua niliusoma nikiwa nimesimama mlangoni. "Mama amenifumia sweta nyekundu. Mama anasuka nywele bila kuumiza. Mama amesema Milia hawezi kunenepa." Nilifikiri mtoto anaota. Mimi sijui kufuma. Baba Rotua akauchukua, akausoma mara mbili, akasema, "Amesahau kuandika 'mkubwa' tu. Mkono umechoka." Labda. Lakini umechoka mara saba katika ukurasa mmoja.

Tena Manaor, shemeji yangu, anayeendesha lori la kabichi, amepita Aek Latong tarehe kumi na tisa na tarehe ishirini na tatu Desemba. Anasema palikuwa na matope, magari yalikuwa yanapita. Alikuwa na nafasi mbele. Angemleta.

Mwanangu amesema aya mbele ya kanisa na mimi sijui ilikuwa aya gani.

Nitakwambia jambo kuhusu nguruwe, kwa kuwa ndiyo habari unayopenda. Jike la bandani ukiliwekea mtoto wa mwingine, likimnusa mara moja limeridhika. Jike la msituni siyo hivyo. Yule aliyepigwa na mume wangu, risasi ilikuwa imeingia shingoni, na bado alirudi hatua thelathini mpaka kwenye kiota, akafa akiwa amekifunika. Nyayo zake nilionyeshwa. Mimi, dada, naishi huku siku nyingi sasa. Nimekuwa mtu wa huku.

Lamria


Lumban Silom
10 Februari 1985

Lamria,

Tu wazima. Mama mkwe alianguka kisimani, ameteguka mkono, sasa anatukana kwa mkono mmoja.

Barua yako nimeisoma. Aya ilikuwa ya Isaya, ile ya watu waliokwenda gizani wakaona nuru. Alisema bila kukwama na kila mtu alimsikia. Kuhusu barabara, niliambiwa hivyo nami nikaamini nilichotaka kuamini.

Sikumfundisha kuniita chochote. Neno limemtoka lenyewe. Ulitaka nimpige?

Una wanne, Lamria. Kuna mahali kwenu ambapo huwezi kuweka mguu bila kukanyaga kiatu cha mtoto. Mimi miaka kumi na minane naitwa mke wa Jonggi. Tukitoka kanisani wenzangu wanaitana Mama fulani, Mama fulani, hata yule msichana wa juzi aliyeolewa kwa Lumban Toruan amekwisha kuwa Mama Sabar. Mimi huangalia kitabu cha nyimbo kana kwamba nimepoteza ukurasa. Wifi zangu walikwisha mshauri Jonggi atafute mwingine, na walisema hayo nikiwa nawapikia. Umekuja kunihesabia sweta moja.

Unanifananisha na jike la bandani. Sawa. Ila jike la bandani ndilo lililompa maziwa yule wa kwako. Angekuwa mfu.

Jonggi anasema Milia ahasiwe sasa au achinjwe, meno yameanza kutokeza midomoni na kusukuma mdomo wa juu. Rotua amemkumbatia shingoni na kukataa kutoka bandani. Nimemwambia Jonggi angoje kidogo.

Tiolina


Kambi ya michikichi
21 Aprili 1985

Dada Tiolina,

Watoto wazima, baba yao mzima. Pasaka imepita.

Nimekuandikia mwanzoni mwa Machi na tena wiki ya Mateso. Hujajibu. Kama nilikukosea kwa maneno yale ya jike, nimekukosea, nimesema. Hata Rotua hajaandika. Kama umekasirika, kasirika, lakini mpe mtoto kalamu.

Mhasini huyo mnyama. Baba Rotua anasema dume la mwitu likifikisha mwaka halimjui mtu.

Lamria


Kambi ya michikichi
26 Mei 1985

Tiolina,

Leo sina salamu za watu wengine.

Manaor alipita jana kunywa kahawa. Akaniuliza, "Mguu wa mtoto umepona?"

"Mguu wa nani?"

"Wa Rotua. Si alichanwa na yule nguruwe? Wiki tatu zilizopita nilimkuta Mama Rotua sokoni Dolok Sanggul, ananunua bandeji, akanieleza."

Nikamwambia, "Mama Rotua ni mimi, Manaor."

Aliangalia viatu vyake. Kisha akasema sokoni kule kila mtu anamwita hivyo, tangu mwaka jana, naye alidhani tumepatana. "Wanamwita, anaitika," akasema.

Wanakuita, unaitika.

Jina hilo nililipata kwa siku mbili za uchungu kwenye kibanda cha mabati, mvua ikivuja, mume wangu akishika taa. Ni kitu pekee nilichokipata kabla yako. Ulikuwa na uso mzuri, ulikuwa na sauti, mama alikupa wewe shuka lake la harusi. Sikusema kitu. Nilikupa mwanangu mwenyewe, kwa basi, na nguo zimefuliwa. Na ulipoachia akaumizwa hukuniandikia, kwa sababu kama ningejua ningekuja kumchukua. Usinidanganye kwamba kuna sababu nyingine.

Nakuja. Naondoka mara nikipata wa kuwaangalia watoto. Mwambie Rotua mama yake anakuja. Umtajie ni yupi.

Lamria


Lumban Silom
3 Juni 1985

Mdogo wangu Lamria,

Barua hii nampa dereva wa basi mkononi ikufikie kabla hujaondoka. Jonggi yuko salama. Mama mkwe hajambo. Rotua anatembea, anachechemea, anakwenda shule akisindikizwa.

Sina sababu nyingine. Umesema kweli.

Ilikuwa Jumamosi tarehe thelathini Machi. Jike jeusi lilikuwa linataka dume. Milia alikuwa ameanza kutoa povu mdomoni na kusaga meno tangu asubuhi, nilimsikia. Nguruwe wangu madume nawajua, ukiwapiga pua kwa ufagio wanarudi nyuma. Nilimwambia Rotua asiingie. Sikumwambia kwa sauti ya kukataza. Nilisema, "Leo afadhali usiingie, mwanangu," kama mtu anayeomba. Akabeba ndoo ya majani ya viazi akaingia, akapita kati ya jike na Milia. Hakumng'ata. Aliinua kichwa mara moja tu, kutoka chini kwenda juu, akamchana paja kuanzia juu ya goti. Nguruwe wa kufugwa husukuma na kuuma. Huyu alifanya hivyo bila kufundishwa, na hakuwahi kumwona mwitu mwenzake tangu alipotolewa kiotani.

Jonggi alimbeba mgongoni mpaka barabarani. Nyuzi kumi na nne. Hakulia mpaka tuliporudi. Mwezi wa tano kidonda kikatunga usaha, ikabidi kifunguliwe upya, na sasa tunakwenda zahanati kila Ijumaa kukisafisha.

Mimi ndiye niliyekuwa sijakubali ahasiwe. Jonggi aliniuliza mara nne. Kila mara Rotua alinitazama, nami nikasema tungoje. Mama aliyemzaa angesema hapana, mtoto akanuna siku tatu, yakaisha. Mimi niliogopa hizo siku tatu. Sikuwa na uhakika kwamba baada yake angenirudia.

Kuna la mwisho. Jioni ileile nilimchinja Milia mwenyewe. Jonggi alimfunga, nikamchoma kisu. Tukambabua nywele kwa moto nyuma ya nyumba, nyama Jonggi akawapa watu wa kijiji cha chini. Ilikuwa nyekundu iliyoiva, bila mafuta, kama si ya nguruwe. Sikuionja. Rotua nilimwambia Milia amevunja banda akarudi msituni. Tangu alipoweza kusimama, kila jioni anapeleka konzi ya viazi ukingoni mwa miti ya ubani anamwekea. Ninamtazama akienda na ule mguu wake, na sisemi.

Jina nililiitika. Mara ya kwanza ilikuwa mwuza chumvi, alikosea. Nikageuka kabla sijafikiri. Nilitaka kumsahihisha lakini nilikuwa nimekwisha geuka.

Njoo.

Tiolina


Kambi ya michikichi
14 Julai 1985

Dada Tiolina,

Tulifika salama. Rotua alitapika mara mbili tu. Wadogo zake hawamwachi apumue, na mdogo amemrudishia nafasi yake kitandani bila kuambiwa. Kidonda kimefunga. Baba Rotua alikitazama, akatoka nje, akakaa kwenye kuni muda mrefu. Asante kwa samaki wa binzari, alikula mpaka miba.

Pale kwako sikusema mengi. Nadhani uliona ni hasira, na nusu yake ilikuwa hasira. Sasa niko mbali naweza kuandika.

Nilipanda basi na barua yako kifuani. Nilikuwa nimepanga, kona baada ya kona, nitakavyomweka Rotua mbele yangu na kumwambia nani aliyemchinja Milia na jinsi alivyodanganywa. Nilitaka akuchukie. Nilitaka afunge mfuko wake mwenyewe na kuniambia, mama, twende. Nakuandikia ili ujue mdogo wako ni mtu wa namna gani.

Jioni ya pili nilimfuata ukingoni mwa miti. Alikuwa ameinama anapanga viazi juu ya jani. Nikaanza, "Rotua, kuna jambo kuhusu huyu mnyama wako."

"Najua, mama," akasema. "Alichinjwa. Siku ileile niliona nywele zake kwenye jivu nyuma ya nyumba, nilikuwa natazama dirishani. Zile ngumu za mgongoni haziungui zote."

"Sasa viazi hivi unamwekea nani?"

Akapanga kimoja kilichokuwa kimebiringika. "Mama mkubwa hunitazama pale mlangoni. Nikiacha kuleta, atajua kwamba najua. Atalia peke yake jikoni. Analia bila sauti, wewe humjui."

Nilikaa chini kwenye majani, dada. Sijawahi kukuonea wivu vile maishani, hata siku ya lile shuka. Kwa sababu mimi mwanangu hajawahi kunidanganya ili nisiumie. Nilifikiri, huyu hajaibwa. Kuibiwa ningeweza kupambana nako. Sikumwambia lolote. Nilimsaidia kupanga viazi.

Halafu ile Ijumaa zahanati. Tuliketi benchi moja, Rotua katikati, hatujaongea tangu asubuhi. Yule muuguzi akatoa kichwa mlangoni na karatasi yake akaita, "Mama Rotua." Tukasimama sote wawili. Watu wote kwenye benchi walitutazama. Muuguzi naye akatutazama, akaangalia karatasi, kana kwamba jibu limeandikwa pale.

Wewe ukaketi. Ulivuta sketi yako vizuri, ukaketi, ukaanza kutazama ukuta. Nimekutazama uso tangu tulipokuwa tunalala mkeka mmoja, najua ilivyokugharimu. Mimi niliingia na mtoto, na nilipokuwa namshika mkono anaposafishwa nilikuwa nimeshinda, na sikuona raha yoyote. Alikuwa anatazama mlango.

Sikukwambia asante. Sikukwambia hata njiani kurudi, uliponipa upande wa dirisha.

Lakini mimi nami nilishindwa kumkatalia kile kikapu. Nilikupelekea wewe "hapana" yangu kwa basi, unisemee wewe. Tumemkosea sote kwa njia moja.

Darasa la sita linaanza wiki ijayo. Nimemwuliza Rotua anataka nini. Alimtazama baba yake, akasema anaweza kubaki huku, hakuna shida, atanisaidia na wadogo. Alisema vizuri sana. Ndivyo alivyokuwa anapanga vile viazi. Basi nikajua.

Atakuja Alhamisi na Manaor. Krismasi atakuwa kwangu, na safari hii hata kama barabara imeliwa na mlima, utamtembeza kwa miguu. Nguruwe yeyote usimpe jina. Akitaka kuingia bandani siku mbaya, mkataze kwa sauti, na akinuna mwache anune, nimemzaa mimi najua, siku ya tatu anakuja mwenyewe kuomba chumvi.

Bado nina wivu. Ninaandika haya na kalamu inanikwama. Sitaki kuambiwa kwamba wivu utapungua, na usiniandikie kwamba yeye ni wangu, nalijua hilo. Ukiniandikia, kwenye bahasha andika Mama Rotua, Bagan Batu, kwa herufi kubwa.

Na sokoni wakikuita, itika. Mimi niko mbali, sitasikia.

Mdogo wako,
Lamria